Miti Adimu ya Misitu ya Visiwa vya Ziwa Victoria: Hifadhi Yake na Namna ya Kuirejesha

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Kila msimu wa mvua unapoanza, halmashauri nchini hutekeleza agizo la Serikali la kupanda na kutunza miti isiyopungua milioni 1.5 kwa mwaka kwa kila halmashauri. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, sehemu ya miche hiyo husafirishwa kwa mitumbwi na vivuko hadi visiwani. Pamoja na hatua hiyo njema, lipo swali ambalo wananchi wa visiwa na mwambao wa Ziwa Victoria wanapaswa kujiuliza kabla ya kuchimba shimo la kwanza: je, mti unaopandwa ni upi, mbegu yake imetoka wapi, na unachukua nafasi ya mti gani uliokuwapo?

Makala haya yanaeleza asili ya misitu ya visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Tanzania, sababu za kupungua kwa miti yake ya asili, utaratibu wa kuirejesha, na wajibu wa mwananchi kwa mujibu wa sheria.

Misitu ya visiwa ilitoka wapi

Ziwa Victoria lina eneo linalokaribia kilomita za mraba 69,000, na takriban nusu ya eneo hilo iko Tanzania. Uso wa ziwa uko katika kimo cha takriban mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Utafiti wa tabaka za matope zilizo chini ya maji umeonesha kwamba ziwa hili lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena. Kwa hiyo, visiwa tunavyovifahamu leo, kama Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome na Rubondo, viliwahi kuwa vilima vya nchi kavu, na mimea yake ilikuwa imeungana na mimea ya bara. Maji yaliporejea, vilima hivyo vilizingirwa, na mimea iliyokuwa juu yake ikabaki peke yake.

Ziwa lenyewe ndilo linaloilisha misitu hiyo. Ukubwa wa maji yake hujenga mawingu na kuleta mvua za usiku na za alfajiri, hasa katika visiwa na katika mwambao wa magharibi. Ndiyo maana Bukoba hupata mvua nyingi kuliko Mwanza, na ndiyo maana aina kadhaa za miti ya misitu ya Kongo na Uganda zimeweza kufika na kustawi katika pembe hii ya Tanzania, ilhali kilomita chache kutoka ufukweni, katika nchi ya Usukuma, mazingira hubadilika na kuwa ya vichaka, migunga na mbuga za malisho.

Hali hiyo huifanya misitu ya visiwa kuwa na thamani ya pekee kitaifa. Mti unaoonekana wa kawaida katika misitu ya nchi jirani unaweza kuwa adimu sana nchini kwetu, kwa kuwa hapa ndipo ukomo wa eneo lake la asili. Miti iliyo katika ukomo huo imezoea ukame na joto kuliko ndugu zake wa katikati ya msitu mkubwa. Ikipotea, hupotea pamoja na mbegu zenye ustahimilivu ambazo vizazi vijavyo vitazihitaji.

Maeneo yaliyohifadhiwa

Eneo kubwa zaidi la msitu wa kisiwa lililohifadhiwa ni Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyoko kusini magharibi mwa ziwa katika Mkoa wa Geita. Rubondo ilitangazwa kuwa Pori la Akiba mwaka 1965 na Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 456.8, ikijumuisha kisiwa chenyewe, visiwa vidogo vinavyokizunguka na eneo la maji. Sehemu kubwa ya nchi kavu ya Rubondo imefunikwa na msitu wenye miti isiyopukutisha majani na ile inayopukutisha kwa sehemu. Miongoni mwa miti inayoonekana zaidi ni ile ijulikanayo kitaalamu kama Croton sylvaticus, Drypetes gerrardii na Lecaniodiscus fraxinifolius, pamoja na mikuyu ya aina mbalimbali na mitambaazi mikubwa kama mbungo. Kandokando ya maji huota mikindu, na katika maeneo ya kinamasi huota mafunjo, ambayo ndiyo makazi ya nzohe.

Historia ya Rubondo inaonesha jinsi msitu na wanyama wanavyotegemeana. Kati ya mwaka 1966 na 1969, sokwe 17 waliotoka katika bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya waliachiwa huru kisiwani humo, kazi iliyosimamiwa na Profesa Bernhard Grzimek na Shirika la Frankfurt la Uhifadhi wa Wanyama. Tembo, twiga na mbega weusi kwa weupe pia waliletwa. Mwaka 2000 waliachiliwa kasuku wa kijivu waliokuwa wamekamatwa katika biashara haramu. Wanyama hao waliweza kuishi kwa sababu msitu ulikuwapo na matunda yalikuwapo. Nao sokwe, tembo na ndege walao matunda husafirisha mbegu kutoka upande mmoja wa kisiwa hadi mwingine na kuziangusha pamoja na mbolea.

Jijini Mwanza kuna Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, inayoonekana kwa macho kutoka Capri Point. Kisiwa hicho, kilichopewa jina la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi na kuvua hapo, kilianzishwa kuwa bustani ya wanyama mwaka 1964 na kilitumika pia kupitishia wanyama waliopelekwa Rubondo. Kilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Kwa ukubwa wa kilomita za mraba 2.18 tu, pamoja na maji yake, Saanane haiwezi kulinganishwa na Rubondo kwa wingi wa miti. Umuhimu wake uko katika elimu: mwanafunzi wa Mwanza anaweza kufika kwa mashua kwa dakika chache na kuona jinsi mti wa asili unavyoshika mwamba na kuushikilia udongo.

Katika Halmashauri ya Buchosa, Kisiwa cha Maisome kina msitu wa hifadhi ulio karibu na makazi ya wavuvi na wakulima, hali inayoufanya uhitaji ulinzi wa karibu zaidi. Upande wa bara, Wilaya ya Missenyi mkoani Kagera, kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Msitu wa Minziro yenye ukubwa wa takriban hekta 25,000, inayopakana na misitu ya Sango Bay ya Uganda. Minziro si kisiwa, lakini ni jamaa wa karibu wa misitu ya visiwa. Msitu huo husimama katika maji kwa sehemu ya mwaka, na una podo zinazoota katika kinamasi cha nchi tambarare, jambo lisilo la kawaida, kwa kuwa podo wengi nchini huota milimani. Minziro pia ina zaidi ya aina 500 za vipepeo.

Kwa nini miti ya asili inapungua

Takwimu za Serikali zinaonesha kuwa Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, na kwamba nchi imekuwa ikipoteza wastani wa hekta 469,420 kwa mwaka. Sababu kuu zinafahamika: upanuzi wa mashamba, mkaa, kuni, moto na uvunaji usio na vibali. Visiwani, sababu hizo zipo, lakini zinaongezewa na mambo mengine matatu.

La kwanza ni uvuvi. Samaki aina ya sangara aliingizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, na kuanzia miaka ya 1980 akawa msingi wa uchumi wa mialo mingi. Tofauti na dagaa, ambao huanikwa juani, sangara ana mafuta mengi na hawezi kukauka vizuri kwa jua pekee. Asiyeuzwa kiwandani hukaushwa kwa moshi au hukaangwa, na kazi zote mbili zinahitaji kuni. Mwalo unapofunguliwa katika kisiwa kidogo, miti iliyo karibu na ufukwe ndiyo hukatwa kwanza. Mbao za kuundia mitumbwi nazo huhitaji miti mikubwa, iliyonyooka na isiyooza upesi, ambayo ndiyo miti ya asili inayokua taratibu.

La pili ni ongezeko la watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,772,509 katika Mkoa wa Mwanza. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 3,699,872. Ardhi ya kisiwa haiongezeki. Wilaya ya Ukerewe, yenye visiwa 38, ni mfano wa wazi: familia inayogawa shamba kwa watoto haina pori la kuhamia, na kipande cha msitu kilichobaki huonekana kuwa shamba linalosubiri mwenyewe.

La tatu ni aina ya miti inayopandwa. Kwa miaka mingi, kupanda miti kumemaanisha kupanda misindano na mikaratusi. Miti hiyo ina faida zake. Hukua haraka, hutoa nguzo na mbao, na huupunguzia msitu wa asili mzigo. Hata hivyo, shamba la mti wa aina moja si msitu. Halitoi matunda ya kulisha popo na ndege, halina mitambaazi, na hivyo halirejeshi mbegu za miti iliyopotea. Kilima kinaweza kuwa kijani tena na bado kikawa kimepoteza miti yake yote ya asili.

Tofauti ya kisiwa na bara

Bara, msitu uliokatwa ukiachwa kwa miaka kadhaa unaweza kupokea mbegu kutoka msitu wa jirani. Upepo, nyani, ndovu na ndege huzileta. Kisiwani, maji ni ukuta. Mbegu nyepesi zinaweza kupeperushwa na popo wala matunda wanaweza kuvuka, lakini mbegu nzito, zile zinazohitaji kumezwa na mnyama mkubwa au kuanguka chini ya mti mama, hazivuki. Mti mama wa mwisho ukikatwa, hakuna mwingine wa kuleta mbegu.

Zaidi ya hayo, mbegu za miti mingi ya misitu ya mvua hazikai ghalani. Mbegu ya mahindi au maharage hukaushwa na kusubiri msimu. Mbegu nyingi za msituni hufa zikikaushwa, na baadhi hupoteza uwezo wa kuota ndani ya wiki chache. Kwa hiyo, mti adimu hauwezi kuokolewa kwa kuweka mbegu zake katika chupa. Unaokolewa kwa kuulinda mti mama ukiwa hai na kuotesha mbegu zake zikiwa mbichi.

Lipo pia suala la jinsia. Mvule, ujulikanao kitaalamu kama Milicia excelsa, ni mti wenye jinsia mbili zilizotengana: mti dume hutoa poleni tu, na mti jike ndio huzaa matunda. Podo nayo ina tabia hiyo. Kijiji kinaweza kujivunia mvule mmoja mkubwa uliobaki kando ya njia, lakini ukiwa peke yake ni mzee asiye na uzao. Ili mivule iendelee, ni lazima dume na jike wabaki kwa idadi ya kutosha na kwa umbali ambao poleni inaweza kufika.

Mafunzo kutoka kwingine

Tanzania ina uzoefu wa kuokoa mti ulio ukingoni mwa kutoweka. Mti uitwao kitaalamu Karomia gigas ulikusanywa pwani ya Kenya mwaka 1977, na baadaye mti huo ukakatwa. Mwaka 1993 ulipatikana karibu na Kilwa, na mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliupata tena katika ukanda huo. Miti iliyokomaa haikuzidi michache inayohesabika. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) iliweka walinzi, na mwaka 2018 matunda yalipelekwa katika Bustani ya Mimea ya Missouri, Marekani, ambako wataalamu waligundua kuwa mengi hayakuwa na mbegu hai. Hata hivyo, miche kadhaa ilipatikana. Funzo ni kwamba mti ukishafikia idadi ndogo mno, gharama ya kuurejesha huwa kubwa na matokeo huwa ya mashaka. Ulinzi wa mapema ni nafuu.

Funzo la pili linatoka ndani ya ziwa hilihili. Mwaka 1909, kutokana na ugonjwa wa malale uliokuwa umeua watu wengi, utawala wa Kiingereza uliwahamisha wakazi wa Visiwa vya Ssese nchini Uganda. Mashamba yaliyoachwa yakaanza kurudi msituni yenyewe, kwa sababu vipande vya msitu vilivyokuwa na miti mama vilibaki. Karibu miaka 100 baadaye, sehemu kubwa ya msitu wa Kisiwa cha Bugala ilifyekwa kupisha kilimo cha michikichi. Kisiwa kilekile kimeonesha mambo mawili: msitu unaweza kurejea pale miti mama inapobaki, na unaweza kuondoka ndani ya miaka michache.

Funzo la tatu ni la hapa Kanda ya Ziwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, haukutegemea kupanda pekee. Ulirejesha ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kufunga eneo la malisho kwa msimu ili majani na miti vijiotee. Maelfu ya hekta yalirejea kwa visiki na mbegu zilizokuwa tayari ardhini. Njia hiyo, ya kuliacha eneo lipumzike chini ya sheria ndogo za kijiji, ndiyo nafuu kuliko zote na inafaa pia visiwani.

Funzo la nne ni tahadhari. Msizi, kitaalamu Maesopsis eminii, ni mti wa asili wa Kagera na nchi zinazolizunguka ziwa upande wa magharibi. Ulipopelekwa katika Milima ya Usambara Mashariki mwanzoni mwa karne iliyopita, ulisambaa katika msitu wa Amani na kuisonga miti ya asili ya huko. Mti ulio mwenyeji Bukoba umekuwa mvamizi Amani. Kwa hiyo, haitoshi kusema mti ni wa Tanzania. Ni lazima uwe wa mahali panapopandwa.

Utaratibu wa kurejesha miti ya asili

Wataalamu wa misitu wanashauri hatua zifuatazo kwa vijiji, shule na vikundi vinavyokusudia kurejesha miti ya asili visiwani na mwambaoni.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu. Kijiji kiorodheshe miti mikubwa ya asili iliyobaki, mahali ilipo, na mwezi inapochanua na kuzaa. Wazee ndio wenye majina ya Kikerewe, Kikara, Kizinza, Kijita na Kisukuma ya miti hiyo, na jina la kienyeji mara nyingi ndilo njia pekee ya kuutambua mti kabla mtaalamu hajafika. Orodha hiyo ihifadhiwe katika ofisi ya kijiji.

Hatua ya pili ni kukusanya mbegu kwa utaratibu. Mbegu zichukuliwe kutoka miti mingi, si mmoja, ili miche isiwe ya ukoo mmoja wenye udhaifu uleule. Matunda yaokotwe yakiwa yameiva, na sehemu ya kutosha iachwe kwa ajili ya wanyama na uotaji wa asili. Ndani ya Hifadhi ya Taifa hairuhusiwi kukusanya kitu chochote bila kibali.

Hatua ya tatu ni kitalu. Mvule unafaa kutumika kama mfano. Matunda yaliyoiva hulowekwa na kusuguliwa katika maji ili kutenganisha mbegu ndogo na nyama yake, kisha mbegu huanikwa kivulini kwa muda mfupi na kusiwa mapema kwenye udongo laini wenye kivuli. Adui mkubwa wa mche wa mvule ni mdudu mdogo wa jamii ya Phytolyma, ambaye hutaga mayai kwenye machipukizi na kuyafanya yavimbe vinundu, yaoze na kufa. Mashamba mengi ya mivule mitupu yameshindwa kwa sababu ya mdudu huyo. Njia inayosaidia ni kuipanda mivule michache, iliyotawanyika katikati ya miti mingine na chini ya kivuli chepesi, kama inavyoota yenyewe msituni.

Hatua ya nne ni kupanda kwa mpangilio wa msitu. Zianze aina zinazokua haraka na kupenda jua, zikiwamo mikuyu, ambayo matunda yake huita ndege na popo wanaoleta mbegu nyingine bila malipo. Kivuli kikishapatikana, ndipo zifuate aina zinazokua taratibu. Miche ipandwe mvua zinapokolea, na si siku ya sherehe ikiwa ardhi bado kavu.

Hatua ya tano, na ndiyo inayosahauliwa zaidi, ni kutunza. Mche wa asili huhitaji kupaliliwa, kuzungushiwa kinga dhidi ya mbuzi na ng'ombe, na kukaguliwa kwa angalau misimu miwili au mitatu. Magugu vamizi, hasa lantana, yang'olewe na mizizi yake. Barabara za kuzuia moto zisafishwe kabla ya kiangazi. Taarifa ya kijiji isomeke kwa idadi ya miti iliyo hai baada ya mwaka, badala ya idadi ya miche iliyogawiwa.

Sheria inasema nini

Usimamizi wa misitu unaongozwa na Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002. Sheria hiyo inatambua misitu ya hifadhi ya Serikali Kuu, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi. Kijiji kinaweza kutenga msitu wake, kuutungia sheria ndogo na kuusimamia kupitia kamati yake, baada ya uamuzi wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Waziri mwenye dhamana anaweza pia kutangaza aina fulani za miti kuwa miti iliyohifadhiwa, ambayo haivunwi bila kibali hata ikiwa nje ya msitu wa hifadhi.

Anayetaka kuvuna mazao ya misitu anapaswa kupata kibali kutoka kwa Mhifadhi wa Misitu wa Wilaya au ofisi ya TFS, na anayesafirisha, iwe kwa gari au kwa mtumbwi, anapaswa kuwa na hati ya kusafirishia.

Aidha, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukanda huo wa mita 60 ndio penye mikindu, mikuyu na miti mingine inayopenda maji. Kijiji kikiuheshimu, kitakuwa kimejipatia msitu mwembamba unaokizunguka kisiwa kizima, unaozuia udongo kuingia ziwani na kulinda mazalia ya samaki.

Mvuvi na msitu

Haiwezekani kuzungumzia hifadhi ya miti bila kumtazama mvuvi na mama anayekausha samaki. Mtu hawezi kuambiwa aache kuni za msitu bila kuoneshwa kuni nyingine au moto mwingine. Kwa sababu hiyo, mashamba ya miti inayokua haraka yana nafasi yake, mradi yapandwe kwenye ardhi iliyokwisha kufyekwa na si mahali pa msitu wa asili. Majiko ya kukaushia samaki yanayotumia kuni chache, na matumizi ya nishati safi majumbani, ni sehemu ya hifadhi kama ulivyo upandaji. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034.

Wakara wa Kisiwa cha Ukara wameonesha kwa vizazi vingi kwamba watu wengi katika ardhi ndogo wanaweza kuwa na miti. Kwa kukosa pori la kuhamia, walifuga ng'ombe zizini, wakarutubisha mashamba kwa samadi, na wakapanda na kumiliki miti mmoja mmoja kwa ajili ya malisho na kuni. Mti wenye mwenyewe haukukatwa ovyo. Ujuzi huo unahitaji kuendelezwa kwa kuongeza aina za asili zilizopungua.

Hitimisho

Miti adimu ya visiwa vya Ziwa Victoria haitaokolewa kwa wingi wa miche pekee. Itaokolewa na wananchi wanaojua mti mama uliobaki uko wapi, wanaokusanya mbegu zake kwa wakati, na wanaourudisha mche mahali pake na kuutunza hadi usimame wenyewe. Siku ya Misitu Duniani, Machi 21, na Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, Aprili 1, ni nafasi za kuanza kazi hiyo kwa miti ya asili ya eneo husika.

Wananchi wanaohitaji mbegu, miche au ushauri wafike katika ofisi za TFS au kwa Mhifadhi wa Misitu wa Wilaya. Wanaoishi jirani na Rubondo na Saanane wawasiliane na ofisi za Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Yeyote anayeona ukataji wa miti usio na kibali, kisiwani au mwambaoni, atoe taarifa kwa uongozi wa kijiji au wa mtaa mapema, kabla mti mama wa mwisho haujaangushwa.